Mche Mmoja kwa Kaya

Baba alikuwa na kalamu nyekundu ya Wizara
na daftari pana kuliko meza yetu ya kulia.
Humo aliigawa Dar es Salaam nzima:
Magomeni, watu wanane kwa kaya,
mche mmoja wa sabuni, wiki mbili.
Jasho hakuliwekea safu.
Wala nepi za mdogo wangu.

Alfajiri mama alipeleka jiwe dukani.
Lilikuwa na doa jeupe, mtaa mzima ulilijua,
likashika foleni nyuma ya ndoo ya Bi Mwajabu,
mbele ya kandambili moja ya mtu wa Mtaa wa Idrisa.
Saa nne duka likafunguliwa: viberiti.
Ghala la Barabara ya Pugu limejaa, alisema baba.
Daftari linasema limejaa.

Usiku akaja mjomba Pazi, mfuko umevimba.
Aliukata mche kwa uzi, vipande vya kidole gumba,
kila kipande kwa bei ya mche.
"Shemeji, bei ni mdomo.
Inapiga kelele: hapa pamekauka, leteni!
Wewe huko ofisini unaisikiaje Magomeni?
Kwa kalamu?"

Baba hakumfukuza, ingawa mwaka ule
watu walilala ndani kwa kidogo kuliko hicho.
Alinawa mikono, kwa sabuni ileile,
akajibu polepole:
"Mdomo, sawa. Lakini mdomo wa kulipia.
Bi Mwajabu hana senti. Kwenye hesabu yako
Bi Mwajabu hajawahi kuchafuka."

Koroboi ikafuka.
Mama akachukua kipande, hakuuliza ni cha nani,
akatoka nacho uani.

Leo sabuni zimemwagika hadi barabarani,
za ndimu, za waridi, za kijani za kufulia,
na Kondo, mtoto wa Pazi, msomi wa kompyuta,
anaapa kwamba sasa ingewezekana:
kila kaya, kila povu, kwa dakika moja.
"Mzee, ninyi mlikosa mashine tu."

Baba, macho yameingia ukungu, anapapasa meza
kutafuta kalamu ambayo haipo.
"Ingemuuliza nani?"
Kisha, kama anayekiri wizi mdogo:
"Sisi tuliuliza ghala."

Jiwe ninalo mimi. Linazuia mlango wa jikoni
upepo usiubamize. Doa lingalipo.
Siku moja nililipima: kilo moja na robo.
Ndoo ya Bi Mwajabu
sijui iliishia wapi.