Njugu za Shilingi Ishirini

Ayuma hufungia njugu kwa chochote chenye maandishi.
Mwaka jana ilikuwa mitihani ya kidato cha pili,
majibu ya watoto wa watu, alama nyekundu, chumvi juu yake.
Wiki hii ni kamusi ya Kiingereza. Aliipata wapi, hasemi.
Anachana ukurasa kwa kidole kilicholambwa,
anausokota uwe pembe, anatia kijiko kimoja.

Nimesimama sokoni Luanda, vumbi la Busia na la Kisumu
likinikutania puani. Namaliza njugu, nakunjua pembe.
Maneno yote yanaanza kwa G na R.
Yananguruma, kama kinu cha Okwemba kabla mkanda haujashika.
Nafaka ndiyo ya kwanza. Kisha sarufi,
iliyonipa fimbo darasa la sita. Kisha ghala.
Kisha bibi, mama wa mzazi, mistari miwili tu,
wala hawakutaja kwamba alikuwa na shoto,
hata ugali aliusonga hivyo.
Zabibu, ambazo huku hatulimi. Nyasi.
Shukrani.

Mafuta yameingia karatasi, yameifanya kioo.
Nikaiinua juani, na pale pale penye bibi,
kutoka upande wa pili, herufi zikitembea kinyumenyume,
likajitokeza kaburi.

Waingereza hawakukusudia. Ni alfabeti tu,
wageni wawili waliopangwa foleni moja.
Kwetu, nikajiambia, wamewekwa mbali:
bibi yuko B, kaburi K,
katikati mtu anapata pa kuvuta pumzi.
Kisha nikahesabu kwa vidole.
Chai aliyoikataa. Dawa. E sikuikumbuka. Figo.
Gari la kukodi usiku, Maseno, Kisian, taa za uwanja wa ndege.
Hospitali. Hospitali tena. Idhini niliyoitia sahihi.
Jumamosi.

Nikamwambia Ayuma: kuna neno jingine la herufi hizi hizi,
majonzi, liko kurasa chache mbele. Umemfungia nani?
Akacheka, kisha akaniangalia, akaacha kucheka.
Mimi sisomi, alisema, mimi nafunga.
Asubuhi walipita watu wa matanga wakielekea Emuhaya,
wakanunua pembe kumi na moja.
Basi wanayo wao, nikawaza. Au wameitupa barabarani.

Na njugu zenyewe, kwa lugha ile, zimo humo humo,
baada ya ardhi, muda mfupi kabla ya kukua.
Hilo nalikumbuka kutoka shuleni. Sikulitafuta.

Nikatoa ishirini nyingine.
Akachana, akasokota, akapima.
Nilikunjua kabla ya kula, njugu zikamwagika mfukoni.
Ukurasa ulikuwa umevuka, umeingia H.
Nywele. Nusu. Nyundo.
Mkono.
Haikusema upi.