Chupa ya Ishirini na Tatu

Mama Ndahani alirudisha chupa Jumatatu,
kaiviringisha kwenye kitenge kama kitu kilichokufa.
"Yunisi, losheni yako imelia."
Nikaitazama kwenye mwanga wa mlango:
juu mafuta ya alizeti, yamejitenga kama wakwe,
chini maji ya mlonge, kijani cha bwawa,
katikati utando mweupe usio na kwao.

Sikubisha. Nilimrudishia elfu nne yake,
chupa nikaiweka dirishani na zile kumi na tatu,
darasa langu la watoto waliofeli.

Wahenga walimaliza mapema: mafuta na maji hayapatani.
Lakini wahenga hawakuwa na kipimajoto.
Mimi nimeyaona yakipatana, Nkuhungu, chumba cha uani,
sufuria mbili, majiko mawili,
nyuzi sabini na mbili huku, sabini na mbili kule,
nta imeyeyuka, imekuwa mshenga,
mkono mmoja kwa mafuta, mmoja kwa maji.
Unamimina uzi mwembamba, unakoroga, unakoroga,
ghafla weupe,
weupe ambao haukuwemo katika sufuria yoyote.
Kila mara nacheka peke yangu.

Tatizo si harusi. Tatizo ni wiki ya tatu.

Nililaumu nta, nikabadilisha muuzaji.
Nikalaumu mashine ya keki niliyoazima kwa Mama Tunu.
Nikalaumu mlonge wenyewe, majani ya shangazi kule Mvumi
niliyoyakausha kivulini siku sita,
nikayachuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili.
Hata jua la Dodoma nililitukana,
jua linalopasua visigino vya watu na kwenda zake.

Chiduo, fundi baiskeli, alinisaidia kutesa sampuli.
Tulifunga vichupa vinne kwenye spoku,
baiskeli miguu juu, yeye akazungusha pedali kwa mkono
hadi jasho likamdondoka puani.
"Kumbe urembo una adhabu hivi?"
Viwili vilikatika kama maziwa ya jana.
Viwili vikapona.

Nikafungua daftari.
Vilivyopona, vyote viwili: tarehe tisa Desemba,
siku ile bomba lilipokauka
nikakinga mvua ya bati.

Nilikaa.
Halafu nikaenda jikoni, nikafunua birika.
Ndani magamba meupe, chokaa ya miaka mitatu.
Chai yetu yote ina ladha hiyo, tumeizoea,
mgeni tu ndiye anayekunja uso.
Mshenga wangu alikuwa mgeni.
Chumvi ilimwendea usiku, ikamlegeza vidole
kimoja kimoja.

Sasa nakinga mvuke.
Mfuniko umegeuzwa, barafu ya mia mbili juu yake,
tone, tone, saa nne kwa lita moja,
na mkaa siku hizi una bei ya nyama.
Maji ya mlonge hayaingii tena motoni.
Yanangoja sufuria ipoe hadi mkono uvumilie,
yanaingia na kihifadhi chake,
maana mmea ndani ya maji ni chakula
na ukungu hausubiri kadi ya mwaliko.
Nachovya karatasi ya kupimia;
ikigeuka rangi ya embe linaloanza kuiva, naacha.

Ishirini na tatu ilikaa mchana juu ya bati,
usiku kwenye friji la soda la Mama Tunu,
bati, friji, bati, friji, siku thelathini,
na mimi kila asubuhi kama muuguzi, bila kusema kitu,
naiinua kwenye mwanga.

Nikaipeleka soko la Majengo.
Dada mmoja akanusa, akapaka nyuma ya mkono.
"Inang'arisha?"
Hapana.
"Inatoa madoa?"
Hapana.
"Sasa inafanya nini?"

Nikaigeuza chupa kichwa chini,
nikaisimamisha hapo juani,
tukaitazama wote wawili, kimya,
muuza vitunguu naye akasogea.

Akauliza bei.