Mgane

Neno lenyewe halikumgharimu karani hata pumzi moja:
Ithel Pritchard, mpasua mawe ya kuezekea,
miaka thelathini na minne, mgane.
Cheti kilining'inia ukutani kwa mama miaka yote ile,
nami nikikipangusa vumbi kila Jumamosi
nikasoma fremu, nikasoma ua lililochorwa pembeni,
neno hilo nikalipita kama mtu apitaye mlango wa jirani
asijue ndani mna watu.

Maana mgane hawi mgane pasipo jeneza.
Kabla ya Lowri, bibi yake mama, palikuwa na mke;
na penye mke huenda palikuwa na susu.

Mimi ni mpishi wa shule mstaafu.
Katika bati la chai mna pauni ishirini na moja;
cheti kimoja cha msajili kinakula zaidi ya nusu.
Basi nilianza na vya bure:
Jumanne, maktaba ya Blaenau, kompyuta ya saa moja,
na Mererid wa mapokezi anayejua kuisahau saa
mvua ikichapa madirisha.
Kwenye nyaraka za kaunti picha hulipiwa,
penseli hailipiwi. Nikanakili kwa mkono
mpaka kidole cha kati kikaota tena sugu ya darasa la tano.

Kisha ile fomu ya sensa, elfu moja mia tisa kumi na moja,
aliyoijaza mwenyewe, herufi zimeinama kama zinapanda mlima.
Watoto waliozaliwa: tisa. Walio hai: saba.
Juu yake, mstari wa karani, wino mwekundu.
Swali lilihusu ndoa hii tu.
Ithel aliulizwa ndoa, akajibu maisha.

Lowri alizaa sita, nawajua kwa majina;
Goronwy ndiye aliyekwenda na surua.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
watatu nje ya nyumba yetu, mmoja mchangani,
wawili wanapumua mahali fulani
siku baba yao alipochovya kalamu.
Ee karani, mstari wako haukufuta kitu.

Kitabu cha mazishi cha kanisa kilinipa mama yao:
Gwenllian, miaka ishirini na saba,
na mtoto wa siku moja, jeneza moja.
Sensa iliyotangulia ikanipa Nefyn,
nyumba ya mjane aitwaye Sioned, na chini yake
Catrin, miaka sita, mjukuu. Ifan, minne, mjukuu.
Pritchard wote wawili. Lakini kina Pritchard huku kwetu
ni kokoto za ufukweni.

Nikafungua bati. Catrin au Ifan?
Nikamchagua Catrin, kwa kuwa wasichana
hupotelea ndani ya majina ya waume.
Wiki tatu nikamngoja tarishi kama mchumba.
Cheti kikaja. Baba: Ithel Pritchard, naam,
mfugaji wa kondoo, bonde jingine kabisa.

Nilicheka peke yangu jikoni, halafu sikucheka.
Nimenunua binti wa watu.
Sikumtupa. Yumo kwenye droo ya vitambaa vya meza;
huenda yuko mtu anamtafuta
na bati lake limekauka.

Zimebaki pauni nane na nusu. Mwezi ujao, Ifan.
Kwa sasa, kwenye karatasi ya ukoo,
nimewachorea visanduku viwili kwa penseli, kando ya Goronwy,
nisiwaandike bado.
Na Alhamisi, kwa kadi yangu ya wazee,
mabasi matatu hadi Nefyn, chupa ya maji, brashi ya kucha.
Makaburi husomwa bure.
Yale ya zamani ni mawe meusi ya machimbo yetu;
ukiyalowesha, majina hurudi
kidogo, kabla upepo haujayakausha.