Chenga za Ng'ambo

Siku walipozima analojia, baba,
watu wa Isevya walikuletea runinga kwa mikokoteni
kama wagonjwa wa kipindupindu.
"Inaonyesha chenga tu, fundi."
Ukainama, ukautegea sikio ule mvumo
wa mchele ukimwagwa kwenye ungo,
ukasema: hii haijafa. Haina wa kuongea nayo.

Sikujua wakati ule, wala wewe hukujua,
kwamba katika kila chenga mia, moja hivi
haikutoka kwenye radi
wala kwenye mota ya mashine ya kusaga ya Kapela.
Ilitoka ng'ambo,
si hii Ng'ambo yetu yenye bucha mbili na vumbi,
ng'ambo ile ya kabla ya nyota:
mwanga uliosafiri miaka bilioni kumi na tatu na ushei
ukipoa njiani kama uji wa safari,
hadi ukabaki nyuzi tatu kasoro juu ya baridi ya mwisho,
ukaja kuishia Tabora
kwenye kioo cha inchi kumi na nne kilichopasuka kona.

Leo ndiyo kazi yangu, hizo chenga.
Ramani yake iko mezani: yai la bluu na chungwa,
sawasawa pande zote
isipokuwa hapa. Na hapa.
Nusu moja ya mbingu imechangamka kuliko mwenzake.
Mawimbi mapana yamejipanga kama yaliyopigiwa filimbi.
Na kusini kuna doa la baridi,
pana kama miezi mipevu ishirini bega kwa bega.

Wenzangu wana majibu.
Mmoja anasema ni utupu mkubwa, mwanga uliuvuka ukachoka.
Mwingine: kovu, ulimwengu jirani ulitugusa ukapita.
Dafroza amepiga hesabu mara elfu kumi:
ukitafuta ajabu mahali mia, utalipata moja,
shangaa usipolipata.

Nami nakumbuka runinga ya Bi Nyanzala.

Kila usiku, saa nne na robo,
mstari ulipita kwenye chenga zake, mshazari, kutoka kushoto.
Uliifungua mara kumi na moja.
Ulipuliza vumbi. Ulilehemu upya kila kiungo.
Ulibadilisha antena, ukabadilisha soketi, ukabadilisha miwani,
kwani kabla hujamlaumu mtangazaji, ulisema,
jilaumu wewe na bisibisi yako.
Kisha ukagundua: treni ya Kigoma!
Huingia stesheni saa hiyo hiyo.
Miezi mitatu uliandika kwenye daftari la madeni
treni, mstari, treni, mstari,
na Bi Nyanzala akachinja jogoo.

Halafu mvua zikabeba reli kule Malagarasi.
Wiki mbili hakuna treni.
Mstari ukaja. Saa nne na robo.

Ungeweza kunyamaza. Jogoo alikuwa ameshaliwa.
Ulikwenda kwake mchana kweupe ukamwambia: nilikosea.
Kisha ukafunga lebo,
si IMEKUFA, si INASUBIRI SPEA,
neno ulilolitumia mara moja tu katika miaka thelathini:
HAIJAJULIKANA.
Mama alicheka: fundi gani anaandika ujinga wake kwa wino?

Lakini baba, wewe ulikuwa na runinga sabini za kulinganisha.
Mimi nina mbingu moja.
Siwezi kwenda kwa jirani kuazima nyingine
nione kama nayo ina doa.
Aliyeonja wali mara moja tu maishani
atajuaje kama chenga ni za gunia lile
au ndivyo mchele ulivyo?

Usiku huu niko dukani kwako.
Runinga ya Nyanzala ipo rafu ya juu, alifariki hajaifuata.
Lebo imeliwa na mende, imebaki HAIJA.
Naiwasha. Saa nne na dakika kumi na mbili.
Mama anauliza kutoka uani nasubiri nini.

Dakika tatu, mama.