Begi la Magurudumu

Umeme umekatika, Mihayo,
tochi ya simu umeiegemeza kwenye kopo la asali,
na daftari la hesabu la Nyanzobe, darasa la sita,
limetuazima kurasa zake za nyuma.
Juu umeandika LIKIZO,
ukapiga mstari chini yake kwa rula
kama mtu anayeogopa neno litatoroka.

Miaka kumi na saba ya ndoa.
Tumekwenda Urambo kuzika, Nzega kuuguza,
Sikonge kudai pesa za tumbaku ambazo mpaka leo,
basi, tuyaache hayo.
Hatujawahi kwenda mahali
ambapo hakuna anayetungoja akilia.

Dar siku nne, nasema.
Tanga nne, unasema, na siku zenyewe ni saba.

Mimi nataka Dar nipande lifti,
nishuke, nipande tena, bila kumpelekea mtu barua.
Nataka kitanda kitandikwe na mtu nisiyemjua
na nisione haya,
au nione haya siku ya kwanza, ya pili nizoee.
Na bahari nataka niionje kwa kidole.
Mwalimu wa jiografia, pale Isevya, alisema ni chumvi,
nikaandika chumvi, nikapata vema,
na sijawahi kuhakikisha.

Wewe unaandika, unafuta.
Treni, behewa la kulala, wawili.
Basi, Chalinze, Segera.
Gesti yenye feni, isiwe ya stendi.
Ufutio wa mtoto umebaki punje.
Kuna mstari mmoja hukuusoma kwa sauti:
*Korogwe, kwenda na kurudi, siku moja.*

Korogwe haina bahari, nikasema.

Ukanyamaza. Kwa jirani jenereta likakohoa, likazima.
Ndipo ukanitajia babu yako Kasanzu,
aliyepanda treni hapa hapa Tabora
kwenda kukata mkonge, manamba,
na kilichorudi ni namba ya kipande chake,
tarakimu nne, bibi alizihifadhi kichwani
kama wengine wanavyohifadhi dua.
Ukazitaja.
Mimi nazijua, Mihayo.
Ndizo unazofungulia simu.
Miaka yote nilidhani ulichagua ovyo.

Na kabla yake kuna wale wa kwetu
waliokwenda kwa miguu, pembe begani,
mali ya mtu mwingine, njaa ya kwao wenyewe.
Pwani ukoo wetu unaijua sana.
Tunaijua kwa mabega, tunaijua kwa viganja vilivyochanika.
Hakuna aliyewahi kuivulia viatu.

Nikachukua kalamu.
Dar tatu. Tanga tatu.
Moja ya Korogwe, nikaiandika kwa wino.
Kuku kwa Mama Shija, watoto kwa shangazi yao Ng'ambo,
chereheni yangu ifunikwe khanga, isiazimwe.
Na begi, nikasema, lile jekundu la magurudumu
dirishani kwa Hemedi, elfu sitini.
Ukasema lipo la kaki, lile la kubebea vifaranga.
Nikasema hapana.
Kichwani sibebi, begani hubebi.
Nataka mzigo unaojiendea wenyewe.

Ukajumlisha. Pungufu: laki moja na elfu kumi na mbili.
Tukalifunga daftari. Tukalala, kila mtu na ukuta wake.

Asubuhi Nyanzobe akalibeba shuleni bila kujua,
jioni likarudi na wino mwekundu.
Mwalimu alisahihisha vyote, mpaka kurasa za nyuma:
treni vema, gesti vema,
na pembeni mwa jumla, mwandiko mdogo:
*Hapa umebeba moja ya bure. Rudia.*

Umerudia mara mbili, ukicheka peke yako jikoni.
Pungufu sasa ni laki moja na elfu mbili.

Begi nimeshalinunua.