Siku ya Pili, Reki

Tulinuniana tangu Kutaisi
kwa sababu ya mwavuli.
Nanuli aliusahau sokoni, kwenye meza ya jibini,
au niliusahau mimi;
hadi leo kesi haijaamuliwa.
Asubuhi ile tulivuka daraja jeupe,
tukapanda kilima hadi kanisa la kale
ambalo mawe yake mapya yamechomekwa kati ya yale ya zamani
kama jino la bandia kinywani mwa babu.
Nikamwambia hivyo. Hakucheka.

Kisha basi dogo la kwenda Svaneti,
saa tano za kona tupu.
Mto Enguri chini yetu, rangi ya maji yaliyooshea saruji,
na ng'ombe wamejilaza katikati ya lami
wakicheua, macho nusu,
kana kwamba barabara ilijengwa iwapashe joto matumbo.
Dereva hakupiga honi. Alizima injini, akamenya yai.
Nanuli alitazama dirisha la kushoto,
mimi la kulia.
Kati yetu ulikaa mkoba, na mkate usioguswa.

Kijijini minara ilitulaki kabla ya watu:
mirefu, ya mawe, madirisha kama macho ya mwenye usingizi,
na milango imewekwa juu huko
mtu asikofika kwa miguu yake.
"Ngazi ilivutwa ndani," alisema mwenyeji wetu Tsiala
huku akitandika shuka.
"Jirani akija na kisasi, akute ukuta.
Babu wa marehemu mume wangu alikaa humo
majira mawili ya baridi
kwa ajili ya fahali."
Fahali mmoja!
Nikamtazama Nanuli. Nanuli akatazama taulo.

Usiku ule tulilala mgongo kwa mgongo,
kila mmoja na mnara wake,
ngazi zimevutwa.

Kulipokucha nilikuwa na ramani, viatu vipya,
na nia ya kwenda kuiona barafu ya mlimani.
Lakini Tsiala alisimama uani akinusa hewa.
Ushba, mlima wa vichwa viwili,
umejifunika wingu usoni kama mfiwa.
"Itanyesha saa nane," akasema,
"na nyasi zangu zote zimelala nje."
Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Tsiala hana subira ya wahenga.
Alitupa reki siku ya pili.

Bekna, mwanawe wa miaka kumi na miwili,
alinifundisha bila heshima yoyote:
"Si hivyo, mjomba. Unachana udongo."
Mteremko mkali; lundo ukiliacha, linajiendea.
Nanuli alijifunga kitambaa, akanitangulia,
na mikono yake ya kuhesabu vidonge dukani
ikapata mwendo ambao sikuwahi kuujua.
Nzi. Jasho. Malengelenge mawili, moja likapasuka.
Saa nane kasorobo, ngurumo.
Tukalifunga lundo la mwisho katika turubai,
yeye ncha hii, mimi ncha ile,
tukashuka mbio, na katikati ya mteremko
akapaza sauti:
"Vuta kwako! Kwako, mpumbavu wewe!"
Neno la kwanza tangu sokoni.
Sijapata kutukanwa vitamu namna ile.

Mvua ilitukuta mlangoni pa ghala.
Tsiala akaleta mkate wenye nyama ndani,
chumvi iliyosagwa na kitunguu saumu,
na kikombe kimoja cha kushirikiana,
sijui kwa makusudi au kwa uhaba wa vikombe.
Barafu hatukuiona.
Wakituuliza kazini, Nanuli hueleza minara,
urefu wake, karne zake;
mimi huchungulia kiganja, ambacho kimeshapona.

Tuliporudi Kutaisi
mwavuli ulikuwa unaning'inia juu ya meza ileile.
"Nani kati yenu aliuacha?" akauliza mama muuzaji.
Tukanyoosheana vidole.
Kisha tukanunua jibini lake,
lenye chumvi kupita kiasi.