Dirishani kwa Rabi Shushani

Mimi Ghzala, mjane wa mfua fedha,
sina kiti katika chumba kile.
Nina dirisha.
Kila alasiri ya Sabato, hapa Jerba, mtaa mdogo,
naegemea ukuta wa chokaa, mgongo ukinyonya joto,
na wavulana kumi na mmoja wanavuma kama nyuki
wakisoma habari za watu ambao, wallahi,
nisingewaazima hata ungo.

Leo ni yule wa mkono wa kushoto,
aliyeficha upanga ndani ya nguo, pajani,
akaenda kwa mfalme mnene na zawadi, na uongo juu yake.
"Kwa nini kushoto?" Rabi anauliza, anajijibu mwenyewe:
kushoto ni ukali, kuume ni rehema,
na ukali ukivikwa rehema...
Anapanda ngazi ya maneno, anapanda,
hata viatu vyake sivioni tena.

Karibu na mlango ameketi Khlafu, mwana wa muuza makaa,
kushoto mtupu tangu kuzaliwa.
Mwaka jana Rabi huyu huyu aliufunga mkono ule kwa kitambaa
ili mtoto aandike kama watu.
Sasa namwona anautazama
kama mtu aliyeokota sarafu njiani, asijue ni ya nani.
Mkono wa kulia, tunasema:
wa kulia chakula.
Na wa kulia machozi, je, ni upi?

Wiki iliyopita alikuwa mwana wa kahaba.
Nduguze walimfukuza asirithi hata kigingi cha hema.
Vita vilipobisha hodi, wazee wakamfuata huko walikomtupa,
wakamlamba miguu, awaongoze.
Akaja. Akashinda.
Na kwa kiapo cha mdomo wake mwenyewe akampoteza bintiye.
Rabi akasema: labda hakumchinja,
labda msichana alijitenga tu, akaishi kwa sala.
Labda. Labda.
Nilitaka kuingiza kichwa dirishani niseme:
Rabi, weka sabuni chini.
Aliyeandika alikuwa na wino wa kutosha;
angetaka kumwosha, angemwosha.

Namjua mmoja mimi, hayumo kitabuni.
Bishi, shemeji yangu. Alikunywa pombe ya tini
hata mbuzi wa jirani wakamjua kwa harufu.
Bangili zangu za harusi aliziuza, tena nusu ya bei.
Lakini homa ilipoingia mtaani,
waheshimiwa walitia komeo, wakasali kwa sauti nyuma ya komeo,
naye Bishi akapita mlango kwa mlango:
wewe maji, wewe sanda, wewe chimba.
Nani alimpa amri? Hakuna.
Tulimfuata kama vifaranga; Rabi mwenyewe alibeba ndoo.
Siku arobaini na tatu aliwaosha wafu,
mume wangu akiwa wa kumi na saba,
na sikumwona akipepesuka.
Homa ilipokwisha akarudi kwenye chupa
kama mtu arudivyo nyumbani kutoka sokoni.
Bangili hakuzirudisha.

Alipokufa walitaka kuchonga juu ya jiwe: Mwadilifu.
Nikakataa.
Wakasema nina kinyongo cha bangili.
Ninacho.
Ila niliogopa pia
kwamba mtoto atakayesoma jiwe lile,
mwizi mdogo, mlevi wa kesho,
atadhani mlango ule haukukatwa kwa kimo chake,
atageuka, aende zake.

Ndani, Rabi ameshuka ngazi, amechoka, anafuta kipaji.
Nani atasoma aya inayofuata?
Kimya. Nzi.
Khlafu anafunua ukurasa, kwa kushoto.
Rabi anafungua kinywa,
kisha anakohoa kama aliyemeza kitu chenye ncha.
"Soma," anasema.
Mtoto anakosea neno la kwanza.